Hela za Mjerumani na pikipiki ya bamdogo

Nimerudi chuo tangu juzi. BTP imekwisha, bumu bado halijaingia, na wenzangu watatu humu chumbani wanakoroma kama mashine za kusaga. Niliwaahidi kuwasimulia jinsi watoto wa kidato cha tatu walivyoniumbua kule Rungwe. Leo natimiza ahadi, ila kisa kimegeuka kuwa cha historia, kwa hiyo wale mnaosinzia kwenye mihadhara ya historia tafuteni kahawa kabisa.

Ilikuwa hivi. Nafundisha uchumi wa kikoloni, ubao umejaa, najiona profesa. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, ni kweli Wajerumani walizamisha dhahabu Masoko?" Darasa zima likaamka, hata waliokuwa wamelala tangu saa mbili. Nikajibu kwamba hizo ni hadithi za vijiweni, tuendelee na notisi. Yule mtoto akasema kwa upole kabisa: "Lakini mwalimu, kwetu tunayo hela yao moja." Jamani. Miaka yangu mitatu ya chuo haikunisaidia kitu pale. Nikageukia ubao nikaandika tarehe upya.

Lingeishia hapo kama nisingekuwa nakaa kwa bamdogo. Bamdogo anakaa Tukuyu, ana migomba, ana pikipiki moja ya Kichina iliyochoka, na ana rafiki. Huyo rafiki ndiye tatizo. Mwaka uliopita alimuuzia sarafu ya manjano yenye picha ya tembo, imeandikwa rupia 15, mwaka 1916. Bei yake ng'ombe mmoja mwenye mimba. Sasa alikuwa amerudi na habari mpya: ziwani kuna sanduku zima la hizo za tembo, kinachotakiwa ni mtaji wa mzamiaji na wa wazee wa kulituliza ziwa. Na bamdogo alikuwa anafikiria kuuza shamba la bondeni. Shamba lenyewe ni lile aliloacha babu, ambalo ndizi zake ndizo zilizonilipia ada mwaka wa kwanza mkopo ulipotoka pungufu. Mnaelewa sasa kwa nini sikuweza kucheka.

Ijumaa jioni nikaiazima ile sarafu, nikaenda nayo maabara ya shule, nikaiweka kwenye mizani ya kemia. Gramu 5 na pointi kidogo. Rupia 15 ya kweli ina uzito wa gramu 7 na ushee. Nikarudi nyumbani mbio kama nimegundua umeme. Bamdogo akaniangalia tu. "Mwanangu, imekaa majini miaka mia. Imelika." Nikamwambia dhahabu hailiki na maji. Akasema, "Wewe umeshawahi kuiloweka miaka mia?" Halafu akanirushia funguo za pikipiki. "Si ndiyo mnayosomea hayo? Kesho Jumamosi. Nenda Masoko ukaone, uje uniambie. Mafuta juu yako."

Kwa asiyeijua Rungwe, ile wilaya imekaa juu ya volkano. Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000, na kuuzunguka kuna mashimo ya milipuko ya zamani, mengi yamejaa maji. Ngosi ndilo kubwa, liko juu upande wa Mbeya na unalifikia kwa miguu ukipanda msituni. Mengine yako chini, kusini mashariki ya Tukuyu, njia ya kuteremkia bonde la Kyela: Masoko ambalo wengine huliita Kisiba, Ikapu, Itamba, Ilamba, Kingili. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Masoko iko kama 840, kwa hiyo safari nzima ya kwenda ni kuteremka. Nyie mnaosema kuteremka ni rahisi hamjawahi kuendesha pikipiki yenye breki moja.

Niliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, baridi ya Agosti inaingia mpaka kwenye meno. Nilivaa makoti mawili na soksi mikononi. Njia ile ina vipande vya lami na vipande vya udongo, na mimi kwa makusudi nilishika njia za ndani za udongo kwa sababu huko ndiko trafiki hawakai (leseni yangu ni habari ya siku nyingine). Udongo wa kule ni mweusi, laini, wa majivu ya volkano. Ukikauka ni vumbi linaloingia hadi kwenye sikio, ukinyeshewa kidogo ni sabuni. Na Rungwe hainyimwi manyunyu hata kiangazi. Kwenye kona moja penye migomba gurudumu la mbele likaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Nilianguka taratibu sana, kama mtu anayekwenda kulala. Mama mmoja aliyebeba kuni akasimama, akasema "ndaga", yaani pole kwa kule, akaendelea na safari yake. Kioo cha kulia kikabaki pale. Bamdogo akisoma hapa, ndiyo maana kile kioo kilikuwa kipya.

Sasa nije kwenye historia, maana njia nzima nilikuwa naipanga kichwani kama mtu anayekwenda mtihani.

Tukuyu ya Wajerumani iliitwa Neu-Langenburg. Langenburg ya kwanza ilikuwa chini kule ukingoni mwa Ziwa Nyasa, baadaye wakahamia juu kwenye baridi na jina wakalibeba. Jeshi hawakuliweka mjini. Waliliweka Masoko, na vita vilipoanza mwaka 1914 pale ndipo palipokuwa makao ya kampuni ya 5 ya jeshi lao la kikoloni. Hiyo kampuni ndiyo iliyoteremka kuvuka mto Songwe, ikaenda kushambulia Karonga tarehe 9 Septemba 1914, ikapigwa, ikarudi. Miezi karibu 20 mpaka ule ukabaki wa kuviziana. Kisha tarehe 25 Mei 1916 Jenerali Northey akaingia na vikosi vya Waingereza kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kabla ya mwezi kuisha Neu-Langenburg ilikuwa mikononi mwake, na Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma kuelekea Njombe.

Wenye hadithi wanasema ni hapo sasa: usiku wa kuondoka, masanduku yakabebwa, yakazamishwa ziwani, Mjerumani akaahidi kurudi.

Nikafika Masoko kama saa mbili na nusu. Boma la mawe lipo, kuta nene, limetumika miaka mingi kama mahakama ya mwanzo. Jumamosi ile palikuwa kimya, kuku tu. Na ziwa liko pale pale jirani, duara kabisa, kama mtu amechukua bakuli akalikandamiza kwenye udongo. Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka. Maji ya kijani kibichi, miti imesimama kuyazunguka. Nilizima pikipiki, na kwa dakika kadhaa masikio yalikuwa bado yanapiga kelele yenyewe.

Pembeni kulikuwa na mzee anachunga ng'ombe watatu. Nikamwamkia, "Shikamoo tata." Akaitika, akatazama matope yaliyonikauka mgongoni, akaniuliza kama ziwa nililitafuta kwa kubiringika. Tukacheka, tukakaa. Sikuanza na dhahabu. Nilimwambia mimi mwalimu, wanafunzi wameniuliza swali nikashindwa. Hapo akafurahi kweli, nafikiri walimu walioshindwa hawamtembelei mara nyingi. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa ikatoka sarafu ndogo ya shaba nyekundu. Upande mmoja taji la mfalme wao na maneno Deutsch Ostafrika, mwaka 1906. Upande wa pili, katikati ya shada la majani: 1 Heller.

Wadau, someni tena hilo neno. Heller. Hela!

Nilikuwa nalijua hilo kutoka darasani, kwamba Wajerumani kuanzia mwaka 1904 walibadilisha rupia yao, badala ya kugawanywa kwa pesa 64 ikawa heller 100, na waswahili wakaitamka hela mpaka leo. Kulijua ni kitu kimoja, kulishika kiganjani ni kingine. Kila siku humu bwenini tunalitaja, "sina hela", "nikopeshe hela", hata ukimaanisha elfu kumi ya mtandao wa simu.

Nikamuuliza mzee ameipata wapi. Akasema marehemu mama yake aliiokota ukingoni pale, maji yalipopungua. Na wengine wameokota, mojamoja. Nikauliza: masanduku je? Akatema mate pembeni. "Masanduku yanaletwa na watu wa kuja. Kila baada ya muda anakuja mtu na ramani."

Hapo nikatoa daftari. Nilichoandika nakiweka hapa kama kilivyo, nikikosea wenzangu wa historia mnirekebishe.

Kwanza, dhahabu ya tembo. Zile rupia 15 hazikutoka Ujerumani. Zilitengenezwa Tabora, mwaka huohuo wa 1916, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani na fedha zilikuwa zimekatika. Tembo wa kwanza wametoka mwaka 1916, na Masoko imeshatekwa Mei 1916. Kutoka Tabora mpaka Tukuyu ni karibu kilomita 500 hata ukiruka kama kunguru, na reli haikupita huko. Sanduku zima lifike kwa vichwa vya wapagazi, likabidhiwe, halafu lizamishwe, yote ndani ya wiki chache hizo? Sisemi mtu mmoja hawezi kuwa na moja mfukoni. Sanduku ndilo silioni.

Pili, nani anatupa fedha wakati hana fedha? Koloni lilikuwa limeishiwa kiasi cha kuchapa noti za dharura, na mwaka 1917 wakafikia kuchapa noti porini kwa mihuri ya mpira. Pale Tabora walifua pia sarafu za hela 20 kwa shaba ya maganda ya mizinga. Jeshi linalookota maganda ya mizinga litengeneze hela, ndilo lilelile linamwaga masanduku ya rupia ziwani? Bunduki naweza kukubali. Silaha usiyoweza kuibeba unaiharibu au unaizamisha asiipate adui. Lakini rupia zinabebeka, na askari anadai mshahara wake hata akiwa anakimbia.

Tatu, na hili ndilo lililonikalisha pale mpaka mzee akanipa ndizi za kuchoma. Zile hela ndogondogo za ukingoni zilitoka wapi basi? Nilitazama boma, nikatazama ziwa, ni mwendo wa kutupa jiwe. Kampuni nzima ya askari, na wake zao, na watoto, na watumishi, walikaa pale miaka. Watu wanaoga, wanafua, wanachota maji. Hela inadondoka. Na nje ya kambi wako wenyeji, ambao tangu mwaka 1898 kodi ya nyumba ilikuwa inawadai rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Rupia huzipati kwenye mgomba. Unazipata kwa kumbebea mzigo mtu mwenye rupia, au kumjengea, au kumuuzia chakula, halafu unazirudisha palepale bomani mwisho wa mwaka. Kwa hiyo ile ya mama yake mzee, tunayoiita hela ya Mjerumani, kwa asilimia kubwa ni jasho la mtu wa hapahapa iliyokuwa njiani kwenda kulipa kodi na haikufika. Nikawaza huyo mtu alivyorudi kuitafuta kwenye matope, anapapasa, jua linazama.

Mzee aliposikia hilo la kodi alinyamaza kidogo. Kisha akasema babu yake alichukuliwa na vita kubeba mizigo, "ile ya Waingereza, walivyokuja". Akaenda, hakurudi. Jina analijua, kaburi hapana. Na hapa sihitaji kuwaeleza nyie wa Dar, mnaonunua viatu Kariakoo kila mwezi: lile jina limetoka kwenye kikosi cha wapagazi cha Waingereza, walikokuwa na kambi yao pale. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Hakuna anayekuja Masoko na ramani ya kumtafuta babu wa yule mzee.

Nikaaga. Nikasema "ndaga fijo", akacheka matamshi yangu.

Ingekuwa mimi ni mtu wa busara ningegeuza pale. Lakini tanki lilikuwa bado na lita mbili na siku ilikuwa imefunguka, kwa hiyo nikaendelea kuteremka kwenda Ikapu na Itamba. Kwa kweli ndiyo sehemu tamu ya siku nzima. Njia inakuwa ya baiskeli, migomba inakugusa mabega pande zote mbili, ghafla inafunguka na pana maji ya duara chini yako na hakuna mtu. Halafu unaingia tena gizani kwenye migomba. Ikapu ni dogo, nililizunguka kwa macho tu. Itamba nilikaa nikala ndizi iliyobaki.

Kwenye kupanda kurudi mnyororo ukachomoka. Mara ya kwanza nikaurudisha. Mara ya pili nikaurudisha. Mara ya tatu nikausukuma huo mchuma kilimani karibu saa nzima, jasho linatiririka ndani ya makoti mawili, na nilipata muda wa kutosha wa kutafakari maana ya neno mpagazi. Fundi nilimpata kijijini chini ya mwembe, akakata pingili moja ya mnyororo kwa patasi na nyundo, akadai buku. Nilimpa buku na nusu.

Kusukuma huko kulinikumbusha kitu nilichosoma maktaba na kukipuuza. Wanasayansi wamelipenda sana Ziwa Masoko. Wametoboa tope la chini, wakatoa nguzo ya matope yenye kumbukumbu ya mvua na ukame ya miaka kama 45,000, tabaka juu ya tabaka. Na mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa samaki wa humohumo, wa ukoo wa furu: wa manjano wanakaa kando kwenye mwanga, wa bluu wanakaa chini gizani, na wanaachana kuwa aina mbili, jambo lililoanza miaka 500 hadi 1,000 tu iliyopita. Lile ziwa lina kina cha mita 36 hivi. Wataalamu wameshusha mitego na mitambo mpaka chini. Nikajisemea hilo nalo nitamwambia bamdogo, kwamba chini kule watu wameshafika, na walichokipandisha ni tope na samaki.

Nilifika Tukuyu saa moja usiku, taa ya mbele inawaka inavyotaka. Bamdogo alikuwa amekaa nje na redio. Aliangalia pikipiki kwanza, mimi baadaye. Nikanawa, nikala, ndipo nikamweleza yote, kodi, karakana ya Tabora, Mei 1916, wanasayansi. Sikumwambia kwamba ameibiwa. Yeye ni baba yangu, siwezi kumwambia hivyo. Nilimwambia tu, "Bamdogo, ukiongea na yule rafiki yako, muulize swali moja. Hizi za tembo zilitengenezewa wapi, na zilifika Masoko lini."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Babu wa yule mzee, wa ukoo gani?" Nikasema sikuuliza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unakwenda kote huko, huulizi ukoo."

Jumapili alimpigia yule rafiki mbele yangu. Akamuuliza. Upande wa pili ulikohoa, ukasema mtandao unasumbua, ukakata. Jumatatu simu haikupatikana. Shamba la bondeni halijauzwa mpaka naondoka, ingawa sarafu ya tembo bado iko kabatini imefungwa kwenye leso, na nilipomwambia aitupe alinitazama kama nimetukana. Ng'ombe ni ng'ombe.

Na darasani? Jumatatu hiyohiyo niliwaambia watoto nilikosea, nikafuta ubao, nikawaambia mwenye hela ya kwao ailete kesho. Jumanne zikaja saba. Nyingi za shaba nyekundu, mbili zina tundu katikati, za heller 10. Moja ya hizo, ya 1909, ilikuwa na uzi mweusi bado: msichana aliyeileta alisema alivishwa shingoni akiwa mchanga, na kabla yake alivishwa mama yake. Tukazipanga mezani kwa miaka. Nikawapa swali: nyumba moja, rupia 3 za kodi, ni hela ngapi kama hizi? Wakahesabu, 300. Yule mtoto wa dawati la nyuma akaishika ile yake, akaigeuza, akaniuliza kama babu zao walikuwa wanazipata wapi zote hizo.

Kengele ikagongwa. Mkaguzi wangu wa BTP alikuwa amekaa nyuma siku hiyo. Aliandika kwamba somo halikufuata azimio la kazi na sikutumia zana za kufundishia. Alama zangu nitawaambia zikitoka.